Mweka Hazina wa Kanda

Ukumbi wa chini, kanisa la Waukraine, mjini Canora.
Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri,
magari yamechomekwa umeme kama wagonjwa kwenye dripu.
Ndani birika la kahawa linakoroma
na Garnet, mwenyekiti, anagonga meza
kwa nyundo ya kulainishia nyama:
"Ajenda ya saba. Nafasi zilizo wazi."

Hapo ndipo utakapotujua.
Watu waliowahi kuvunja dirisha la duka la dawa usiku wa manane
sasa wanaogopa kuinua mkono.
Mmoja anafunga kamba za viatu visivyo na kamba.
Mwingine anasoma, neno kwa neno,
maandishi ya kwenye paketi ya sukari.

Katibu kapatikana: Delphine,
aandikaye kila kitu, hata kikohozi.
Wa simu za usiku kapatikana: Kip, mfagia theluji,
anasema usingizi walishaachana.
Wa kupeleka vitabu gerezani kapatikana;
alisema njia anaijua,
tukacheka, kisha tukaacha kucheka.

Imebaki hazina.

Orest kaishika miaka miwili. Muhula umekwisha,
na kwetu ukiisha umeisha,
hata kama unaipenda kazi, hasa kama unaipenda.
Kasimama na bati la biskuti lenye picha ya farasi,
ndani daftari, stakabadhi,
dola mia nne na kumi na mbili, senti thelathini na tano.
"Nampendekeza Marlys."

Marlys ni mimi.

Nikasema: Orest, wewe unanijua.
Mimi ndiye niliyepokea rambirambi za baba yangu,
bahasha kumi na tisa, kila moja na jina la jirani,
na kabla udongo haujatulia kaburini
zote zilikuwa zimeyeyuka chini ya ulimi wangu.
Mama aliandika barua za shukrani
bila kujua kiasi.
Aliandika: kwa ukarimu wenu.

Kimya. Birika likakoroma.
Delphine akauliza, kalamu hewani:
"Hilo niliandike, au ni lako?"

Orest alikuwa na pipi mdomoni, maneno yakatoka yameteleza:
"Hundi ina saini mbili.
Nilipopewa mimi, nilidhani ile ya pili ni mbwa wa mlinzi.
Kumbe ni mtu wa kukaa nawe."

Wakapiga kura. Mikono kumi na minne.
Mmoja alinipinga, Wade wa Kamsack.
Namheshimu. Ningekuwa yeye
ningenipinga.

Orest akanikabidhi ufunguo, akakunja mikono ya shati,
akaenda jikoni kuosha vikombe.
Ndiko kupanda cheo kwetu.

Nililifunga bati mkanda kwenye kiti cha abiria.
Kilomita hamsini, barabara nyeupe, maghala ya ngano yamesimama gizani.
Pale njia panda duka la pombe lilikuwa wazi, taa zake nyekundu.
Mkono uliacha usukani, ukagusa bati, ukarudi.
Sitasema uligusa kwa nini.
Mkono nao una kumbukumbu zake.

Nyumbani nikazimwaga mezani, nikahesabu.
Mia nne na kumi na mbili, senti thelathini.
Nikahesabu tena.
Nikainua zulia la gari, nikapekua mifuko ya koti,
nikalitikisa daftari kama mtoto aliyemeza shanga.
Saa tano na nusu usiku nikapiga simu:
"Delphine, zimepungua senti tano."
"Marlys, lala."
"Siwezi."
Akashusha pumzi.
"Basi tafuta polepole. Sikati."

Nilimsikia akimenya chungwa.
Nilimsikia akimfokea paka.
Hakuniuliza hata mara moja kama nina hakika.

Ilikuwa kwenye kidole gumba cha glavu,
imeganda pale, baridi kama jino.

"Nimeipata."
"Niandike?"
"Andika."