Kanda la Mawe

Orrin hupima kila kitu.
Jumanne moja, kabla malori ya wakulima hayajapanga foleni,
aliipandisha pikapu yetu kwenye mizani ya ghala la ngano,
pikapu ya zamani, rangi ya chai ya maziwa,
na mgongoni mwake kijumba chetu:
kitanda, jiko la gesi,
choo ambacho ukikalia magoti yanabisha hodi mlangoni.
Akarudi na risiti ameishika kwa ncha za vidole
kama mtu aliyeletewa majibu ya damu.

"Arlys," akasema, "miaka tisa punda huyu
tumembebesha ratili mia tisa na sitini
zaidi ya haki yake."

Sikushangaa. Mwili wangu ulikuwa unajua
tangu alasiri ile ya Wyoming,
semitrela ya ng'ombe ilipotupita,
upepo wake ukatuvuta, kisha ukatusukuma,
kijumba kikainama kama mlevi mwenye siri ya kukunong'onezea,
Orrin na usukani, kushoto, kulia, kushoto,
vikombe vikilia kabatini,
nami nikihesabu nguzo za uzio mpaka tukatulia.
Arobaini na moja.
Hakuna aliyesema neno hadi Laramie.
Laramie tulisema: kahawa.

Baada ya risiti akaanza kupunguza.
Akatoa jeki ya pili. Akatoa minyororo ya theluji.
Akatoa kitabu chake cha ndege, kile kizito, chenye picha.
Akapima sufuria zangu za chuma kwenye mizani ya bafuni,
akazirudisha bila kunitazama.
Sanduku la chini ya kitanda, upande wangu,
sikumwona akiligusa.

Mle mna mawe.
Moja kwa kila mahali tulipolala
tangu mwaka tuliomzika Tilda.
Jekundu la Moab. Jeusi la Idaho, lina matundu kama mkate.
Moja la mviringo, yai la bata hasa,
kutoka mto mkavu ambao hakuna ramani iliyoutaja.
Sijawahi kueleza. Hajawahi kuuliza.

Aprili tukaenda Minot na hundi.
Kijana muuzaji, Trygve, alisema maneno mengi kuhusu injini;
Orrin alichuchumaa nyuma tu,
akigusa zile tairi, mbili huku, mbili kule,
zimebanana kama ndugu kwenye benchi la kanisa.
Sita kwa jumla. Na nyonga zake!
Gereji ilimkataa. Benki, dirisha la magari lilimkataa.
Bibi Lindquist alisimama na rato lake la maua
akauliza kama tunahamisha shule.

Ile ya zamani aliichukua Kolby Azure, ya kubebea majani ya farasi wake.
Orrin alimpa funguo, kisha ile risiti.
"Usimdanganye," akamwambia. "Hatalalamika, lakini usimdanganye."

Juni, barabara ileile. Upepo uleule, haujazeeka.
Semitrela ikaja kiooni, ikajaa kiooni, ikatupita.
Tukatikisika kidogo,
kama mtu aliyeitikia salamu bila kusimama.
Nilikuwa nimeshafika nguzo ya tatu.
Nikaacha kuhesabu.

Usiku ule, kando ya kijito,
niliokota jiwe la kijivu, nikasubiri alale.
Nikafungua sanduku.
Ndani ya kifuniko, kwa penseli,
kwa mwandiko wake wa fundi, herufi zimesimama wima:

*Mawe: ratili 212.*
Limekatwa. *226.* Limekatwa. *231.*
Na tarehe, tarehe zote, Jumatano,
siku ninazokwenda kwaya.

Husemwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Nilikaa sakafuni na taa ya mkononi
nikisoma mstari wa mwisho, mpya, wa Aprili:

*Nafasi iliyobaki: 870.*