Viungo

Saa tano ya usiku, mega zinapokuwa rahisi,
ndipo ninapoanza kutuma.
Habari ya mikaratusi iliyokatwa kule juu mlimani
na udongo ulioifuata kushuka.
Hesabu za barabara iliyolipiwa mara mbili
na haijachongwa hata mara moja.
Makala kuhusu makala: gunia linauzwa bei gani,
na ndani ya gunia kuna msitu kiasi gani.

Kundi la ukoo lina watu arobaini na mmoja.
Mjomba Balagizi huweka dole gumba, hafungui.
Najua hafungui: dole lake hufika
kabla sijaondoa changu.
Dada Nsimire, aliye Lubumbashi, hujibu "Amina"
hata kwa habari ya kipindupindu.

Mama aliponisikia nikilalamika
kwamba natuma viungo na hakuna anayevigusa,
aliuliza kutoka jikoni: viungo gani,
tangawizi au pilipili?
Hapana, mama. Liyeni. Vya kwenye simu.
"Aa. Nilidhani vya mwili,"
akasugua goti
ambalo kila siku linashuka na kupanda ngazi za Kadutu
chini ya beseni la juisi ya marakuja.
"Basi nisomee kimoja. Macho yako hayalipiwi."

Nikamsomea cha bwawa la Ruzizi:
jinsi chupa zinavyotoka kwenye mifereji yetu,
zikaingia mto Kawa, zikaingia ziwani,
zikapanga foleni mdomoni mwa mtambo
mpaka mtambo ukakabwa koo
na sisi tukalala gizani.
Mwandishi alisema wakazi hawana ustaarabu wa taka.
Mama akanikatiza.
"Gari la taka lilipita huku lini? Mwulize."
Haulizwi, mama, anasomwa tu.
"Habari gani hiyo, ina mdomo, haina masikio."

Kulikuwa na picha. Akataka kuiona.
Nikaikuza kwa vidole viwili, nikaitembeza polepole:
chupa, chupa, ndala moja, chupa,
mwanasesere asiye na mkono,
na pale kwenye kona
chupa yenye uzi mwekundu shingoni.

Kuanzia Kadutu mpaka Nyawera
hakuna anayefunga uzi mwekundu shingoni mwa chupa
ila mtu mmoja,
ili M'Cirhuza wa kibanda cha pili
asije akasema juisi ni yake.

Tulinyamaza. Betri asilimia kumi na moja.
Mvua ilianza kuchagua mabati, moja moja, kisha yote.
Umeme ukakatika.
Nisingependa kuliandika hili, kwa kuwa linafanana na uongo,
lakini ulikatika.

Asubuhi nilimkuta anafunga chupa zake
uzi wa kijani.
Sikusema kitu. Naye hakusema.

Lakini saa sita, nilipompelekea chenji,
nilimsikia amemshika mteja mkono:
"Kunywa hapa hapa, mbele yangu. Chupa unirudishie.
Nimeona zinakokwenda."
Zinakwenda wapi, mama?
Akamweleza yote, mto, mtambo, giza,
na gari la taka ambalo mwandishi hakuliuliza,
akaongeza na mamba,
ambaye kwenye makala hakuwamo.
Watu wawili walisimama kusikiliza. Kisha watano.
Mmoja aliweka gunia lake la sombe chini.

Jioni simu ikaita. Mjomba Balagizi,
yule asiyefungua kitu.
Sauti juu, kama mtu aliyekimbia:
"Nyinyi mlioko karibu na soko,
mmesikia habari za mamba wa bwawani?
Ameletwa na chupa, wanasema.
Mbona hamtuambii?"

Nikamtazama mama.
Alikuwa amenyoosha mguu, anajikanda goti kwa mafuta ya mawese.
"Mjibu," akasema.
Nimjibu nini?
"Mtumie dole gumba."