Mili Kumi na Nne

Kona ya kulia hukumwaga kushoto.
Mtu halijui hili mpaka awe na magurudumu matatu
na abiria mwenye mkono usiotaka kuguswa.

Bi Batuli hupanda Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
saa kumi na moja alfajiri, Maweni, mlango wa kijani.
Kikapu, chupa ya chai, leso mbili:
moja ya kujitanda,
moja ya kuuviringishia mkono wa kushoto
pale madaktari walipounga mishipa miwili
ili mashine ya damu ipate pa kuingilia.
"Weka sikio," aliniambia siku moja. "Hakuumi."
Nikaweka. Ulikuwa ukivuma
kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe.

Basi kila tukikata kona ya Barani
tuktuk yangu inalala ubavu kama mlevi anayetafuta ukuta,
na mkono ule unakwenda kugonga bomba la mlangoni.
Hakupata kulia. Alisema "Aa,"
fupi, ya kumeza,
nami nikazunguka nayo siku nzima,
nikibeba watu wengine, nikihesabu chenji.

Ngowa alijilaza chini ya gari, tochi mdomoni.
Akaitoa fimbo ya kiwandani, akaipeperusha.
"Hii ni stebilaiza au kijiti cha mshikaki?"
Mikono ya nyuma ni miwili, akanieleza,
kila mmoja una gurudumu lake na maringo yake.
Mmoja ukizama, wa pili hauna habari.
Fimbo ndiyo inayoupasha: mwenzio anazama.
"Yako inanong'ona. Tutie inayosikika."

Nikataka ya mili kumi na sita.
Nilikuwa na hasira, na hasira hupenda chuma kinene.
Ngowa akacheka mpaka tochi ikaanguka.
Ukizidisha, alisema, gurudumu la ndani litanyanyuka,
litaning'inia kama mguu wa mbwa penye nguzo,
nawe utabaki na baiskeli ya abiria watatu.
Kumi na nne.
Bushi mpya za raba. Linki akazichomelea mwenyewe,
cheche zikirukia maandishi ya nyuma, UTAFIKA TU,
zikaibabua ile U hadi ikatoweka.
Elfu nne na mia tatu.
Karo ya Sidi ikasogezwa wiki moja mbele.

Jumatano nikaijia Barani kwa mwendo uleule, makusudi,
roho mkononi.
Gari likataka kulala. Likakatazwa.
Nilihisi kiunoni jinsi upande mmoja ulivyomvuta mwenzake,
twende, twende wote, usinitupe.
Nikatazama kiooni:
Bi Batuli alikuwa anamimina chai.

Anamimina chai! Kwenye kona!

Kisha tukafika penye mashimo ya karibu na soko.
"We mwanangu, umeifanya nini hii?
Zamani shimo la kushoto lilikuwa la kushoto.
Leo lanitikisa hadi magego ya kulia."
Ni kweli. Ngowa hakunificha:
wakishafungwa pamoja hugawana na maumivu.
Nikasema pole, bi.
"Pole hairudishi chai kikombeni."
Akanung'unika hadi lango la hospitali,
na muda wote huo mkono ulikuwa mapajani,
leso imelegea, haukushika kitu,
haukujikinga na chochote.
Sikumwonyesha kwamba nimeona.

Aliposhuka akazunguka nyuma, akasoma pasi na miwani.
"Tafika tu," akasema. "Hiki ni Kiamu safi.
Mama yangu, ukimwambia safari ni ndefu,
hujibu hivyo: tafika. Yeye mwenyewe. Si wewe."
Akaigusa rangi iliyobabuka kwa ncha ya kidole.
"Usiirudishe ile U."

Ijumaa alikuja na mto wa kukalia.