Karani wa Penseli

Naitwa Hinzano. Miaka sita nilikaa getini
kwenye mashamba ya chumvi, kaskazini mwa Malindi,
kiti cha plastiki chenye ufa,
daftari refu, penseli.

Niliwahi kuomba kalamu ya wino.
Nyapara Mwasambu akacheka hadi kikohozi kikamshika:
"Karani, wino hauna adabu.
Ukishasema, haurudi nyuma."

Basi kila alfajiri niliandika kwa penseli
Nyevu Karisa, Dhahabu Mwaringa, Kahaso, Mapenzi Tsofa,
nambari, saa ya kuingia.
Miguu sikuiandika. Ilikuwa imepasuka,
imefungwa vipande vya gunia,
kwa sababu gambuti zilikuwa kwenye karatasi ya ukaguzi
na hazikuwahi kushuka kwenye lori.

Tarehe ishirini na sita ya kila mwezi
ndiyo ilikuwa kazi yangu hasa.
Nilifunga kidirisha, nikatoa kifutio,
nikawafuta.
Siku mbili wakae nyumbani, wasiulize.
Wakirudi wapewe nambari mpya, kama wageni.
Nyevu, mwaka wake wa tisa pale: mgeni.

Maana sheria, nilikuja kuelewa baadaye,
huhesabu siku kama mja mzito.
Kibarua akitimiza mwezi bila kukatika
si kibarua tena. Ana notisi, ana likizo.
Akiugua, ni mtu anayeugua,
si nafasi iliyoachwa wazi.
Mimi nilikuwa mkunga wa kinyume:
kila mwezi nikihakikisha hakizaliwi kitu.

Mwezi wa nne Nyevu aliteleza na karai la chumvi,
jeraha likanywa maji ya bwawa. Wiki tatu kitandani.
Aliporudi na mkongojo, Mwasambu akamtazama
kama barua iliyokosea sanduku.
"Huyu nani? Karani, yumo?"
Nikafungua ukurasa.
Nikasema, "Hayumo."
Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Hakulia. Alikwenda Malindi kwa afisa wa kazi,
ghorofa ya kwanza, feni inazunguka bila upepo,
akarudishwa mara mbili kwa kukosa fotokopi.
Mara ya tatu akaenda na fotokopi.

Mahakamani, wakili wa kampuni
alikuwa na tai nzuri na swali moja,
akiligeuzageuza kama chapati:
"Ushahidi uko wapi kwamba ulifanya kazi?"
Nyevu akafungua fundo la leso,
akatoa daftari la hesabu la bintiye,
lenye jedwali la kuzidisha mgongoni.
Mstari kwa kila siku: wa biro, wa makaa,
pengine wa rangi ya kucha. Miaka tisa.
Karatasi imekakamaa kwa chumvi,
ikifunguliwa inalia.
Jaji aligusa ukurasa, kisha akatazama kidole chake.

Wakaniita mimi. Shahidi wa kampuni.
Nilikuwa nimefundishwa majibu matatu njiani,
ndani ya gari lenye kiyoyozi.
Nikaapa. Nikashika daftari langu refu, safi,
na majibu yote matatu yakanitoka kichwani.

"Mheshimiwa Jaji, uinue ukurasa dirishani.
Uuinamishe kidogo. Penseli ikifutwa huacha mfereji,
na mimi mkono wangu mzito,
mwalimu wa darasa la pili alinichapa kwa hilo."

Jua la saa nne likapita kwenye karatasi:
chini ya nambari mpya, Nyevu,
chini ya Nyevu, Nyevu,
Dhahabu juu ya Dhahabu, Kahaso mara tano.
Feni ya mahakama ikaendelea na shughuli zake.

Hukumu bado. Imesogezwa hadi mwezi wa tisa.
Mimi nilifutwa kazi jioni ile, kwa simu.
Nilipoomba barua wakaniuliza:
"Kwani una mkataba?"

Sina. Nilikuwa na shilingi hamsini.
Nimenunua biro, na daftari la kurasa arobaini na nane.
Ukurasa wa kwanza, tarehe niliyoanza kazi,
halafu jina langu.
Nimekandamiza.