Ngazi Kumi na Nne

Tbilisi, alisema Zurabi, ina kila kitu:
hoteli, wadhamini, mtandao usiokatika.
Ina na bei, akajibu Nestani, ya kumtoa mtu roho.
Batumi je? Mvua ya Batumi haina adabu,
huingia ukumbini bila tiketi.

Nikatumwa Kutaisi, kukagua kiwanda cha zamani cha hariri:
madirisha marefu, dari ya kukutazamisha juu.
Nikapiga picha arobaini.
Hapa hapa! waliandika wanablogu wenzangu,
na kura zikamiminika.

Malkhazi hakupiga.
Malkhazi, ambaye miaka sita tumesoma
habari za nyuki wake, za jirani yake mgomvi,
za mkate uliomuungulia akituandikia;
aliyetuvunja mbavu usiku wa manane
na hakuna aliyewahi kumtia machoni.
Siku ya tatu akauliza neno moja:
mlangoni pana ngazi ngapi?

Nikazirudia picha. Nikahesabu.
Tukanyamaza, kila mtu chumbani kwake.

Oktoba tunakutana Zestaponi,
mji ambao hakuna aliyeupendekeza,
katika bwalo la shule ya ufundi.
Taa mbili zimekufa. Kuta zinanuka supu ya jana,
labda ya juzi.
Bi Eteri, mshika funguo, aliuliza: viti vingapi?
Thelathini na tisa, nikasema.
Wa arobaini anakuja na chake.

Kisha nikainama pale mlangoni
nikipime kizingiti:
hakifiki hata unene wa kidole.