Mayai Matatu

Dalali anaitwa Rati. Viatu vyake havina vumbi,
na Sololaki ni mtaa wa vumbi.
Ananitangulia ngazini akihesabu sifa:
dari mita nne, madirisha ya mwaloni,
sakafu inayopata joto chini kwa chini,
"na kigae hiki cha mlangoni, bibie, ni cha tangu enzi,
hatukukigusa."

Nakijua. Kina ufa kama mkia wa mjusi.
Ufa huo niliutia mimi, kwa ndoo ya makaa,
nikiwa na miaka tisa.
Sisemi.
Mpangaji msemaji huongezewa kodi.

Tulikuwa familia tano humu ndani.
Jiko moja, meko matano, balbu tano darini,
kila balbu na swichi yake chumbani kwa mwenyewe
ili mtu asile mwanga wa mwenzake.
Mlangoni kengele moja, na karatasi ya maelekezo:
kina Margalitadze, mara moja.
Tsiala, mara mbili.
Sisi, mara tatu.
Mwalimu Arshak wa fidla, mara nne au tano,
ni mamoja, hakuwahi kufungua.

Rati anafungua bomba kwa kidole kimoja.
Maji ya moto yanatoka. Kweli yanatoka!
Nayatazama mpaka kioo kinaingia ukungu.
Mama yangu, Eteri, aliyapandisha ngazi hizi hizi,
ndoo huku na ndoo huku,
majira yale ya baridi ambapo umeme ulikuwa uvumi
na Tbilisi nzima ilinuka mafuta ya taa.
Nimwombe nani radhi kwa kuufurahia mvuke huu?

Chumba chetu tulikiuza
kwa bei ya jokofu na tiketi mbili za basi hadi Thesaloniki.
Miaka ishirini na mbili nimewaogesha mama za watu,
nimewachana nywele, nimewafumba macho.
Wangu alizikwa nikiwa zamu.
Hela hizi za mwezi mmoja, nilizoweka mezani,
zina harufu ya sabuni ya wagonjwa.
Rati anazihesabu mara mbili, kwa adabu.

"Na hii," anasema, "wageni huipenda sana."
Ukumbini, nyuma ya kioo, ndani ya fremu nyeusi,
kipande cha gazeti walichobandua chini ya karatasi za ukuta.
Picha ya kiwanda. Hotuba ya mtu aliyesahaulika.
Na pembeni, kwa penseli, mwandiko unaoinamia kushoto
kama mtu anayetembea dhidi ya upepo:
mkate, 2. Sukari, hakuna.
Tsiala, mayai 3.
Mkate umekatwa kwa mstari. Sukari imekatwa.
Mayai hayajakatwa.

"Imo katika kodi," anasema Rati.

Usiku naamka kutafuta maji.
Mkono unakwenda wenyewe kwenye swichi,
kushoto kwa mlango, usawa wa bega la mtoto,
unakuta lipu laini, baridi, isiyo na habari nami.
Nasimama gizani nikiupapasa ukuta
kama ninavyopapasa paji la mgonjwa
kujua kama homa imeshuka.

Asubuhi nampigia Rati. Yule aliye chini,
kwenye chumba cha nusu ardhini, mwenye pazia la bluu, ni nani?
"Ah, usijali. Bibi mmoja mkaidi, kagoma kuuza.
Tutapanda maua mbele, hutamwona."

Dawa ya deni ni kulipa.
Duka la kona limekuwa la mvinyo;
la mtaa wa pili lina mayai,
lakini wanauza kwa boksi la kumi tu, nimejaribu kubembeleza.
Nateremka nayo kifuani kama mtoto wa watu.
Mlango wake hauna kengele. Nabisha mara mbili, ndivyo alivyokuwa,
nasikia kiti kikisukumwa, kikohozi, mnyororo,
na mimi bado napiga hesabu:
matatu ni ya Mama.
Saba haya, sijui. Tuseme riba.