Salfa

Mara tatu, Lungwa akishalala,
nilitoka nikaketi kwenye jiwe la kufulia,
usiku wa Julai, upepo wa Mpunguzi unakata masikio,
nikajipepea kanga huko chini
kama mtu anayeamsha jiko.

Kuwasha. Neno dogo, la mbu na upupu.
Likihamia pale
hulisemi kwenye foleni ya maji.

Nilijitibu kimyakimya.
Chumvi ya mawe. Sabuni ya waridi.
Ndimu, ee Mungu wangu, ndimu!
Jirani alininong'oneza: "Jisafishe hadi ndani,
uchafu wa mwanaume haukai juu juu."
Nikajisafisha. Pakachubuka. Pakawaka.

Kisha nikaanza kuhesabu.
Jumanne alikwenda Majengo, eti kununua dawa ya mizabibu,
akarudi saa nne usiku.
Ijumaa akanyoa ndevu.
Mkulima ananyolea nini ndevu Ijumaa?
Nikampa mgongo. Hakuuliza.

Kituo cha afya, namba kumi na saba.
Nesi Mbeleje, miwani imefungwa kwa uzi,
aliuliza kama anayeuliza bei ya mtama:
"Kunatoka nini? Rangi gani? Kuna harufu?
Kidonda? Mkojo unachoma?
Inaanza kabla ya tendo, au baada?"
Baada, nikasema, nikiitazama kalenda ya ukutani.
Akachukua ute, mkojo, damu ya kidoleni.
Nikakaa kwenye benchi na hukumu yangu.

Fangasi hakuna. Trikomona hakuna.
Kaswende hakuna. Sukari iko sawa.

"Mumeo anafanya kazi gani?"
"Analima zabibu."
"Siku hizi yuko kwenye nini?"
"Anapiga salfa. Ukungu umeshika majani."
"Akirudi, ananawa?"

Ndoo ni mia tano tangu pampu ife.
Ananawa uso, na vidole vya kulia ugali.

Nesi akavua miwani.
"Basi mikono hiyo, mama, imeleta shamba kitandani.
Na wewe ukaongeza ndimu."

Maji matupu, alisema, nje tu;
ndani pana utaratibu wake, usiuingilie.
Chupi ya pamba. Mpumzike mpaka ngozi ipone.
Vidonge vya kubahatisha dukani, hapana.
"Ukiona uchafu kama maziwa mgando,
au harufu, au kidonda, rudi.
Na uje naye."

Jioni niliweka ndoo mlangoni, ndoo nzima.
"Vua shati hukohuko. Nawa hadi kwenye viwiko."
Maji yakashuka manjano kuelekea kwenye mpapai.

Nikamwuliza, kama si kitu:
"Ndevu ulinyolea nini?"

Akajipapasa kidevu, chekundu, kina vipele.
"Salfa inaingia humo, inawasha usiku kucha.
Sikutaka kukuamsha."